Tupeane uzoefu: uchawi wa mhusika mwenye fani mbili ulikuendeaje mezani?

Kuhani Msomi

Ndugu zangu, salaam. Kila anapojitokeza mchezaji anayetaka kuchanganya fani mbili za uchawi katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, swali huwa ni lile lile: inakuwaje mhusika awe na nafasi (ruhusa ya kufanya uchawi mara moja) ya daraja la tano, yaani la uchawi mkubwa, ilhali hajui uchawi wowote wa daraja hilo? Kanuni za toleo la tano, lililotoka mwaka 2014, zinatenganisha mambo mawili ambayo wengi wetu huyachukulia kuwa ni jambo moja. Nafasi za uchawi huhesabiwa kwa pamoja: viwango (hatua za ukuaji wa mhusika katika fani) vya kuhani, manju, druidi, mchawi msomi na mchawi wa kuzaliwa huingia vyote, vya paladini na mlinda pori huingia nusu, na vya mpiganaji au mwizi aliyechagua tawi lenye uchawi huingia theluthi, kisha jumla yake ndiyo inayosomwa kwenye jedwali la nafasi. Uchawi wenyewe, yaani ule unaoujua au unaouandaa, huhesabiwa kwa kila fani peke yake, kana kwamba ile nyingine haipo. Naomba tuelezane yaliyotokea mezani: ulichanganya nini, ukapata nini, na ukalipa nini.

Naanza na wangu. Alikuwa kuhani wa kiwango cha 5 na mchawi msomi wa kiwango cha 4, kwa hiyo jedwali lilimpa nafasi za kiwango cha 9: nne za daraja la kwanza, tatu za la pili, tatu za la tatu, tatu za la nne na moja ya la tano. Ukiitazama karatasi yake ungedhani ni mtu mzito. Kumbe upande wa ukuhani uliishia daraja la tatu, na upande wa usomi daraja la pili. Siku mwenzetu mmoja alipouawa katika chumba cha mbali, tulimfikia baada ya dakika kadhaa, na uchawi wa daraja la tatu wa kumrudisha aliyekufa hufaa tu ndani ya dakika moja. Ule unaovumilia hadi siku kumi ni wa daraja la tano. Nafasi ya kuufanyia nilikuwa nayo, tena haijatumika, lakini uchawi wenyewe haukuwa wa kuhani wa kiwango cha 5. Tuliibeba maiti hadi hekaluni tukalipa.

Sisemi kwamba nafasi zile kubwa hazikuwa na kazi. Uchawi wa roho walinzi, ambao kwa nafasi ya daraja la tatu hudhuru kwa dadu tatu za pande nane, kwa nafasi ya daraja la tano hufikisha dadu tano, na mapigano mawili matatu tuliyamaliza kwa namna hiyo. Ila si kila uchawi hukua unapotiwa nafasi kubwa, na mwenye fani mbili anapaswa kuchagua kwa makusudi ule unaokua.

Dadu Ishirini

Asante kwa mada, mkuu. Mimi nilimcheza paladini wa kiwango cha 6 aliyeongeza viwango vinne vya mchawi wa kuzaliwa, na kwangu malalamiko ya kukosa uchawi wa juu hayakuwapo, kwa sababu nafasi sikuzihitaji kwa uchawi. Nusu ya 6 ni 3, ukiongeza 4 unapata 7, na jedwali linatoa nafasi nne, tatu, tatu na moja. Paladini mtupu wa kiwango cha 10 ana nne, tatu na mbili tu. Kila nafasi ilikwenda kwenye pigo takatifu, ambapo paladini hutumia nafasi ili silaha yake iumize zaidi: dadu mbili za pande nane kwa nafasi ya daraja la kwanza, moja zaidi kwa kila daraja linalofuata, na ukomo wa dadu tano. Dadu ya pande ishirini ya kushambulia ilipoangukia 20, pigo ambalo huzidisha dadu za madhara mara mbili, zile tano zikawa kumi, na msimamizi wetu wa mchezo akalifunga daftari lake la takwimu za yule adui bila kusema neno.

Sharti lake ni kwamba sifa zote zinazodaiwa na fani zako lazima zifikie 13, na bahati nzuri fani hizi mbili zinategemea mvuto. Hapo ndipo ninapoona kuhani na msomi kuwa ndoa ngumu: mmoja anataka hekima, mwingine akili, na kila uchawi hufuata sifa ya fani uliyoupatia, kwa hiyo lazima upande mmoja utakuwa rahisi kwa adui kuuepa. Wanaotumia kanuni za mwaka 2024 wajue mambo mawili: nusu ya paladini na ya mlinda pori, isipokuwa namba kamili, sasa hupandishwa badala ya kushushwa, na pigo takatifu limewekewa kikomo cha mara moja kwa zamu.

Manju wa Mkataba

Nashangaa hakuna aliyemtaja mchawi wa mkataba, ambaye haingii kabisa katika hesabu ile. Nafasi zake ni chache, zote huwa za daraja moja, na hurudi kwa pumziko fupi la saa moja badala ya kusubiri usiku. Ukimchanganya na fani nyingine, unakuwa na mifuko miwili: ule wa jedwali na ule wa mkataba. Viwango havijumlishwi, ila unaruhusiwa kutoa nafasi kutoka mfuko wowote kwa uchawi wa upande wowote.

Mhusika wangu alikuwa manju wa kiwango cha 5 na mchawi wa mkataba wa kiwango cha 3, mwenye nafasi mbili za mkataba za daraja la pili. Kabla ya kila pumziko fupi nilikuwa nikizimalizia kwa neno la uponyaji, ambalo ni la umanju, kisha baada ya saa moja zikarudi pamoja na vitia-moyo vyangu, yaani dadu ambazo manju huwaongezea wenzake. Kikundi kisichokuwa na kuhani kiliishi hivyo muda mrefu. Lakini utaratibu huu unategemea kabisa msimamizi anayeruhusu mapumziko mafupi. Tulipohamia kwa msimamizi aliyependa pambano moja kubwa kwa siku, viwango vile vitatu vikawa mzigo, na wenzangu wakawa wanafanya uchawi wa daraja la nne huku mimi nikibaki na la tatu.

Kuna pia wale wanaomchanganya huyu na mchawi wa kuzaliwa, wakageuza nafasi za mkataba kuwa pointi za mchawi wa kuzaliwa, pointi kuwa nafasi mpya, wakapumzika saa moja na kuanza upya bila kulala. Kanuni za 2014 hazikuliziba vizuri pengo hilo. Binafsi naona ni hila inayowachosha wengine mezani, na msimamizi wetu aliikataa mapema.

Mzee wa Toleo la Tatu

Vijana wangu, mnadeka. Katika toleo la tatu, la mwaka 2000, hakukuwa na jedwali la pamoja. Mhusika wangu, msomi wa 5 na kuhani wa 5, alikuwa na orodha mbili za nafasi, zote zikiishia daraja la tatu, na nguvu ya kila uchawi ilipimwa kwa viwango vya fani yake peke yake. Nakumbuka pambano na adui mwenye kinga ya uchawi: ili uchawi umpenye, nilirusha dadu ya ishirini na kuongeza viwango vya fani, kwangu 5, wakati mwenzangu msomi mtupu aliongeza 10. Nilikuwa na uchawi mwingi kuliko mtu yeyote mezani, na karibu wote ulimgonga yule adui ukaanguka chini. Masahihisho ya mwaka 2003 yaliweka katika mwongozo wa msimamizi fani maalumu iliyopandisha pande zote mbili kwa pamoja, lakini ilidai kwanza uweze kufanya uchawi wa daraja la pili kila upande, maana yake viwango sita vya unyonge kabla ya kufika.

Kofia ya Chuma

Wangu ni mfupi. Nilianza na kiwango kimoja cha mpiganaji, vilivyobaki vyote vya msomi. Nilipata deraya nzito, ambayo msomi aliyeizoea haimzuii kufanya uchawi, na umahiri wa kuhimili kwa siha, ambao hutolewa na fani ya kwanza pekee na ndio unaolinda umakini wako (uwezo wa kuendeleza uchawi unaodumu) unapopigwa. Gharama niliiona kiwango cha 5, wenzangu wote waliponitazama wakisubiri mpira wa moto, uchawi ambao msomi huupata akifika kiwango cha 5, nami nilikuwa bado msomi wa 4. Ulifika kiwango kilichofuata. Hadi kampeni inaisha nilikuwa nyuma kwa hatua moja, na umakini wangu ulivunjika mara chache sana.

Kuhani Msomi

Mkuu Kofia, ningependa kujua kama msimamizi wenu alikuruhusu kunakili kwenye kitabu chako cha uchawi ule ulioupata njiani. Kwetu mabishano yalikuwa hapo: nilipata karatasi yenye uchawi wa daraja la nne, na nafasi ya daraja hilo nilikuwa nayo. Msimamizi alisoma kanuni kwa sauti, kwamba msomi hunakili tu uchawi wa daraja analoweza kuuandaa, na msomi wa 4 huishia la pili. Niliiuza.

Kofia ya Chuma

Alitumia kipimo hicho hicho. Mimi karatasi yangu ya daraja la nne sikuiuza, niliihifadhi mkobani hadi usomi wangu ulipofika kiwango cha 7, ndipo nikainakili kwa saa nane na vipande 200 vya dhahabu.