Duara la watu wanne Bungoma: Navratri inachezekaje mbali na kwetu?

BintiWaMombasa

Hamjambo wenzangu. Mimi ni Mgujarati mzaliwa wa Mombasa, na huu ni mwaka wa sita niko Bungoma na mume wangu na binti zetu wawili. Tunauza vipuri vya pikipiki. Mji umetupokea vizuri, sina la kulalamika. Ila Navratri ikikaribia, usingizi unanipaa.

Kwa wasioijua, ni mausiku tisa ya Mama Amba, mungu wetu wa kike. Kule nyumbani tukishakula tu, watu wote walikuwa wakishuka uwanjani. Katikati huwekwa garbo, chungu cha udongo chenye matundu, ndani yake taa ya samli inawaka, nasi tunalizunguka tukipiga makofi mpaka nyayo zinawaka moto. Ba, nyanya yangu, magoti yalikuwa yameshamkataa. Alikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, akipiga makofi na wachezaji, na kila nikipita mbele yake alinitazama miguu. Nikikosea hatua, niliona usoni mwake kabla sijahisi mguuni.

Kuomba naomba. Nawasha taa asubuhi na jioni, nafunga siku zote tisa. Chakula cha mfungo wala si shida, maana nafaka hatuli, tunakula viazi, njugu na muhogo, ambao sisi Wagujarati wa huku Afrika Mashariki tunauita mogo. Hapa muhogo ni tele. Kinachonishinda ni duara. Mwaka jana tulisogeza makochi, nikasimamisha simu juu ya kabati ili dada yangu atuonyeshe uwanja wa Mombasa. Mtandao ukakatika katikati ya wimbo. Binti yangu mdogo, wa miaka saba, akabaki na mikono juu akingoja kofi. Akaniuliza, "Mama, watu wako wapi?" Hadi leo sijamjibu.

Nyinyi mlioko Kakamega, Kitale, Busia, mnafanyaje? Na je, nikiwaalika majirani ambao si Wahindu, nitakuwa nimeivunjia ibada heshima?

Masi_Kisumu

Beta, mwanangu, Jumamosi fungeni duka mapema mje Kisumu, mlale kwangu. Huku hakuna anayengoja mwaliko, ukishavua viatu umeshaingia.

Lakini zile siku nyingine nyumba yako isikae bila garbo. Langu sikuagiza India. Nilikwenda soko la Kibuye, kwa wauza vyungu, nikamchorea mama mmoja mfinyanzi kwenye karatasi: chungu kadiri ya kichwa cha mtoto, matundu pande zote. Akanieleza kwamba matundu hutobolewa udongo ukiwa bado mbichi, ukikauka chungu kinapasuka. Alitobolea bua la mtama. Usiku ukiliwasha na kuzima umeme, ukuta wote unajaa vidoa vya mwanga, na taa ikitikisika navyo vinatembea. Wanao watavifuata, utaona.

MtotoWaMiwani

Mulembe dada. Mimi ni Mluhya, Mkristo. Baba alifanya kazi kiwanda cha sukari cha Miwani, kile kilichoanza 1922, na jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa fundi mitambo Mhindu. Kila Diwali, sikukuu yao ya taa, mkewe alituletea sinia ya vitafunio, ladu tamu na chevda ya chumvi, imefunikwa kitambaa cha kutarizi. Mama yangu hakuwa mtu wa kurudisha chombo kitupu. Mara ya kwanza alitia mayai kumi. Yule mama akayapokea kwa mikono miwili, akashukuru, na baada ya siku kadhaa ndipo alipomweleza polepole kwamba kwao hawali mayai. Kuanzia hapo sinia ilirudi na ndizi au njugu, miaka yote tuliyoishi pale.

Jioni walipanga taa za udongo barazani. Kama mvua ilikuwa imenyesha, kumbikumbi walikuja kwa wingi wakaangukia kwenye samli. Yule mama alikuwa akiwatoa mmoja mmoja kwa njiti ya kibiriti, anawaweka ukutani wakauke. Sisi tuliozoea kuwakaanga tulikaa kumtazama tu.

Waalike majirani, dada. Sisi watoto tulikuwa tukiichungulia ile baraza tangu saa kumi tukingoja kuitwa.

Kaka_wa_Nakuru

Waalike, naunga mkono, lakini isije ikageuka dansi ya kawaida. Viatu nje, nyama na pombe visiingie, aarti, ile ibada ya kuzungusha taa mbele ya Mama, ifanywe na wote wakiwepo. Ukiwaeleza mapema hakuna atakayekasirika.

Pia wape tarehe mapema, maana watauliza kwa nini kila mwaka inahama. Miezi yetu hufuata mwezi mwandamo kama ya Waislamu, kwa hiyo mwaka hupungukiwa siku kama 11. Tofauti ni kwamba sisi kila baada ya miaka mitatu hivi huongeza mwezi mzima, ndiyo maana Diwali, inayofuata baada ya Navratri, haitoki Oktoba na Novemba. Mwaka 2025 iliangukia 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa, nchi nzima iko nyumbani. Mwaka 2026 ni Jumapili, 8 Novemba.

BintiWaMombasa

Asanteni sana. Masi, tutakuja, na garbo nitalichukua hapo hapo Kibuye. Kaka, nimekusikia. Ndugu wa Miwani, hayo mayai kumi nimemsomea mume wangu mara mbili.

Jana nilimwendea jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi. Sikumaliza hata kueleza, akauliza, "Tuvae nini?" Leo jioni amewaleta wanawe watatu. Mume wangu amehamisha matairi kutoka ghala la nyuma, tumechora duara kwa chaki sakafuni, tumeanza na tran taali, ile ya makofi matatu. Kitindamimba wake anapiga kofi la tatu kabla mguu haujatua. Nimejikuta nimekaa pembeni, namtazama miguu.