Hita ya maji ya gesi: joto liwekwe kiasi gani nyumbani kukiwa na mtoto na mzee?

Mlezi wa Nyumbani aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Nyumba tuliyohamia ina hita ya maji ya gesi, ile yenye tangi la kusimama, na maji yanayotoka bafuni ni ya moto kiasi kwamba mkono hauvumilii. Ninaishi na mtoto wa miaka 2 pamoja na mama mkwe aliyevuka miaka 80, hivyo jambo hili linaninyima usingizi. Swichi ya kuzungusha iliyo sehemu ya chini ya tangi haina nyuzi zilizoandikwa. Ina pembetatu ndogo, kisha herufi A, B na C, na mwishoni maneno ya kuonya kwamba maji ni ya moto sana. Mtu mmoja amenishauri nishushe mpaka chini kabisa, mwingine akasema nikishusha mno tangi litazaa bakteria wanaoleta ugonjwa wa mapafu. Naomba mnifahamishe niweke wapi.

Fundi Mabomba alijibu:

Ndugu, kabla ya kugusa chochote, tambua kwamba hita nyingi za aina hiyo zina swichi mbili zilizokaribiana. Moja ni ya kufungua na kufunga gesi na kuwashia kile kimoto kidogo kinachowaka muda wote. Hiyo iache kama ilivyo. Nyingine ndiyo ya joto. Kwa kawaida pembetatu huwa karibu na nyuzi 49 za Selsiasi, A karibu na 54, B karibu na 60, C karibu na 66, na ule mwisho hufikia 71 hivi, ingawa watengenezaji hutofautiana na kijitabu cha hita yako ndicho chenye neno la mwisho.

Hata hivyo, alama hizo ni makadirio tu. Kinachokuambia ukweli ni kipimajoto. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajatumia maji ya moto, fungua bomba lililo karibu zaidi na hita, acha maji yatiririke mpaka joto liache kupanda, kinga kikombe kisha pima papo hapo. Ukishabadilisha swichi, usipime baada ya nusu saa na kudhani haikufanya kazi, kwa sababu maji yaliyokwisha kupashwa bado yamo tangini. Subiri hadi kesho yake.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Kihisi cha joto kimekaa sehemu ya chini ya tangi, na maji baridi yanayoingia huteremshwa na bomba la ndani mpaka huko huko chini. Watu wakifungua maji kidogo kidogo mara nyingi, huyu ananawa mikono, yule anasuuza kikombe, kihisi kinaguswa na baridi kila mara na moto unawaka upya, na maji ya juu ambayo tayari ni ya moto yanazidi kupanda hadi kupita kiwango ulichoweka. Kwa hiyo pima pia baada ya matumizi ya namna hiyo, maana maji ya juu ndiyo yanayotangulia kutoka bombani.

Nesi wa Zamu alijibu:

Wote wawili waliokushauri wana hoja ya kweli. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani inashauri hita za majumbani ziwekwe nyuzi 49, na inaeleza kwamba maji ya nyuzi 66 humuunguza vibaya mtu mzima kwa sekunde 2 tu, ya nyuzi 60 kwa sekunde 6, na ya nyuzi 54 kwa sekunde 30, ilhali katika nyuzi 49 huchukua dakika 5 hivi. Hizo ni hesabu za mtu mzima. Ngozi ya mtoto mchanga na ya mzee ni nyembamba, tena mzee huchelewa kuhisi na kuchelewa kujitoa.

Upande wa pili, bakteria wa Legionella huzaliana vizuri kwenye maji ya vuguvugu, kati ya nyuzi 25 na 45 hivi, na wengi wao hufa ndani ya dakika chache maji yakifika nyuzi 60. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendelea maji ya moto yahifadhiwe kwenye nyuzi 60 au zaidi. Mtu huambukizwa kwa kuvuta matone madogo sana yanayoruka, kwa mfano kwenye bafu la manyunyu, na wazee, wavutaji sigara na wenye kinga dhaifu ndio walio hatarini zaidi. Kwa hiyo usishushe hadi mwisho wa chini.

Mlezi wa Nyumbani:

Nawashukuru sana. Sasa nyuzi 49 zinamlinda mtoto, na nyuzi 60 zinamlinda mama mkwe. Je, ipo njia ya kupata vyote viwili?

Fundi Mabomba:

Ipo. Mwombe fundi mwenye leseni afunge valvu ya kuchanganya maji, inayotia maji baridi kwenye ya moto na kulishika joto pale pale hata mtu akifungua bomba jingine. Tangi libaki nyuzi 60, na maji yanayofika bafuni yasizidi 48. Mpaka ifungwe, weka kwenye pembetatu, bila kushuka chini ya hapo, kwa kuwa hatari ya kuungua iko mbele yenu kila mnapofungua bomba. Unapoandaa maji ya kumwogesha mtoto, tangulia na baridi, ongeza ya moto, koroga, kisha pima; nyuzi 37 au 38 zinatosha.

Akija fundi, akague pia valvu ya usalama iliyo juu au ubavuni mwa tangi, ambayo hufunguka maji yakikaribia nyuzi 99 au shinikizo likizidi. Bomba lake lisizibwe kamwe, hata kama linadondosha; likidondosha, tafuteni sababu. Aangalie na rangi ya moto: uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano, gesi haiungui vizuri na huenda inatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua, hivyo dohani ikaguliwe na kifaa cha kuitambua hewa hiyo kiwekwe karibu na vyumba vya kulala. Na siku mtakaposikia harufu ya gesi, msiguse swichi yoyote, iwe ya taa au ya hita. Tokeni wote nje kwanza, kisha ndipo mpige simu.