Gemu likichelewa kufunguka mnakimbilia "nunua SSD". Waya mmeutazama?

Wakuu, nina hasira na sitazificha. Nimetumia hela kwa vitu ambavyo havikuwa na kosa lolote, kwa ushauri wa watu wanaojiita mafundi, na kitu chenye kosa kilikuwa mbele ya macho yao kila walipofungua mashine.

Mashine yangu ilianza kukwama kwenye skrini ya kupakia gemu. Sizungumzii kule kuchelewa kwa kawaida kwa gemu kubwa. Mstari unajaa hadi katikati, unasimama, muziki unaendelea kupiga, kipanya kinaganda. Halafu kila kitu kinazinduka kwa mpigo na mstari unaruka mbele. Ukishaingia, unakimbia barabarani majengo bado ni maboksi ya kijivu yasiyo na rangi, unafika mlangoni mlango haufunguki kwa sababu chumba cha upande wa pili hakijasomwa kutoka kwenye diski. Ukicheza na wenzako mtandaoni, wao wameshaanza mechi, wewe bado unatazama mstari.

Nikaipeleka kwa walioiunganisha, kwani dhamana yao ilikuwa hai. Jibu: diski imechoka, weka SSD (diski ya kielektroniki isiyozunguka, yenye kasi zaidi). Nikanunua. Wakachomoa diski, wakachomeka SSD kwenye waya uleule na tundu lilelile, wakapiga Windows upya, wakanikabidhi. Gemu likakwama palepale. Nikaambiwa RAM ni ndogo. Nikaongeza RAM, hali ileile. Nikaambiwa draiva za kadi ya picha. Mwishowe nikaambiwa gemu lenyewe ndilo limetengenezwa vibaya, kana kwamba watu wengine duniani hawalichezi kwenye mashine dhaifu kuliko yangu.

Tatizo lilikuwa waya wa SATA. Ule waya bapa unaotoka kwenye madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, kwenda kwenye diski. Nilipoweka mwingine, gemu likafunguka kama linavyotakiwa kufunguka kwenye SSD, na mpaka leo halijakwama.

Sasa sikilizeni kinachoniuma zaidi: mashine ilikuwa inajua. Muda wote huo ilikuwa inajua.

SATA inasafirisha data kwa vifurushi, na kila kifurushi kinabeba hesabu ya uhakiki inayoitwa CRC. Kifurushi kikifika na hesabu haioani, kinakataliwa na kuombwa upya. Utaratibu huu ni mzuri, ndio unaolinda faili zako zisiharibiwe njiani. Lakini kila kosa la aina hiyo linahesabiwa, na hesabu inatunzwa ndani ya diski yenyewe, kwenye taarifa za S.M.A.R.T., yaani rekodi za afya ambazo diski hujiwekea, namba 199, ambayo programu nyingi huiandika C7. Hesabu hiyo inapanda tu, haishuki. Ufomati diski, upige Windows upya, iko palepale. Kwa hiyo ile diski waliyoitangaza kuwa imechoka ilikuwa imebeba ushahidi kwamba kosa liko njiani, kati yake na madabodi, na hakuna aliyejishughulisha kuusoma. Huku ni kumpasua jicho mgonjwa aliyekuja na mguu uliovunjika.

Na mfumo endeshi nao? Unaona makosa yanarundikana, unayaandika kimyakimya kwenye kumbukumbu ambazo mtumiaji wa kawaida hajui hata zinafunguliwa wapi, kisha unaendelea kama hakuna kitu. Nikichomoa flashi bila kuaga napata onyo. Apdeti ikiingia napata taarifa kwenye kona ya skrini. Waya unaobeba data zangu zote unakatakata mawasiliano, sipati hata neno moja. Nani aliamua kwamba hilo si la kumwambia mwenye mashine?

Kwa wanaodhani waya ni waya tu, hauwezi kupunguza kasi: unaweza. Makosa yakizidi, kidhibiti cha SATA kinakata mawasiliano na kuyaanzisha upya. Wakati huo maombi yote ya kusoma yanasubiri foleni, na gemu linasubiri nayo. Makosa yakiendelea, kasi inaweza kushushwa kutoka 6 Gb/s hadi 3, au hadi 1.5. Kwa hesabu za kazi halisi hizo ni kama MB 600, 300 na 150 kwa sekunde. SSD ya SATA inayoweza kusoma karibu MB 550 kwa sekunde inabanwa kwenye 150. Diski ya kuzunguka haiumii sana na huko kushushwa, kwa sababu yenyewe kwa kawaida inacheza kwenye MB 100 hadi 200 na kidogo. Inachoumia ni kule kurudiarudia na kuanzishwa upya. Ndiyo maana kuna dalili moja ambayo fundi yeyote makini angeitambua: unafungua Task Manager, diski inaonyesha 100%, lakini kasi ya kusoma iko karibu na sifuri. Diski inaonekana imezidiwa na kazi kumbe hakuna kinachopita. Ukiona hivyo gemu likiwa limekwama, mwambie anayekuuzia RAM asubiri kwanza.

Nami siwalaumu bure. Kuangalia hakuhitaji kifaa chochote cha maabara. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo inakuonyesha C7, na juu yake inakuonyesha kasi mbili: ile iliyopo sasa na ile ambayo diski inaiweza. Ukikuta SATA/300 upande mmoja na SATA/600 upande wa pili, na tundu la madabodi yako ni la 6 Gb/s, hapo pana swali la kuuliza. Tahadhari moja: programu hiyo kwa kawaida inaandika thamani ghafi kwa mfumo wa kumi na sita, hivyo ukiona 1A ujue ni 26, wala si herufi za ajabu. Kwenye Linux, amri ya smartctl inatoa habari hizohizo, na amri ya dmesg inaandika waziwazi pale kasi ya SATA inaposhushwa. Kwenye Windows, fungua Event Viewer, sehemu ya System, utafute tukio namba 129 kutoka storahci na namba 153 kutoka disk. La kwanza maana yake kifaa kilianzishwa upya, la pili maana yake ombi lilirudiwa. Linganisha saa za matukio hayo na saa ambazo gemu lilikwama. Zangu zilikuwa zinaoana.

Haki itendeke pia: tukio 129 peke yake halitoshi kuutia waya hatiani, maana hata diski inayokufa au mipangilio ya kuokoa umeme inaweza kulileta. Na C7 yenye namba kubwa inaweza kuwa kovu la zamani. Cha kutazama ni kama inapanda. Iandike, cheza gemu linalokwama, iangalie tena. Kisha tazama jirani zake kwenye diski ya kuzunguka: namba 05 (sehemu mbovu za diski zilizokwisha kubadilishwa) na C5 (sehemu zinazoshukiwa kuwa mbovu). Hizo zikiwa sifuri na C7 inapanda, kuna uwezekano mkubwa diski ni nzima na njia ndiyo mbovu. Hizo zikipanda, hapo ndipo unahamisha data zako haraka na kununua diski. Hivi kweli hayo ni mambo ya kumshinda mtu anayelipwa kwa kazi hii?

Waya wangu uliharibikaje, nao niliutazama vizuri. Haukuwa na kile kibanio cha chuma kinachoshika kwenye tundu. Ulikuwa umekunjwa kwa nguvu karibu kabisa na kichwa chake ili ubao wa ubavuni wa kasha ufunge, kisha ukafungwa kwa vibana vya plastiki pamoja na nyaya nyingine ili ndani paonekane pasafi. Huo usafi ndio unaouza picha za mashine zao. Feni zinatikisa, joto linapanda na kushuka, kichwa kisicho na kibanio kinalegea kidogokidogo. Tena vichwa hivi havikuumbwa kuchomekwa na kuchomolewa kila siku. Kwa viwango vya SATA, kile cha waya wa ndani ya mashine kinatarajiwa kustahimili kama mara 50 tu. Waya unaokaa kwenye meza ya fundi na kupimia kila diski inayoingia dukani, halafu siku moja ukafungwa ndani ya mashine ya mteja, unakuwa umeshamaliza kazi yake.

Na wauzaji wa nyaya, msidhani nimewasahau. Kuna wanaoandika "waya wa SATA 3" na kuongeza bei, kana kwamba nyaya za zamani hazifai. Waya mzuri uliotengenezwa enzi za 3 Gb/s unabeba 6 Gb/s bila shida. Rangi nayo haina maana yoyote. Cha maana ni waya uwe mzima, usizidi mita 1, uwe na kibanio, na usikunjwe kwa nguvu. Ukibadilisha waya na C7 bado inapanda, hamia tundu jingine la madabodi, na uachane na vigawanyo hafifu vya umeme.

Wenye magemu kwenye diski za nje, na ninyi mnadanganywa vilevile. Ile diski ya nje yenye tundu pana la USB 3 inakubali waya mwembamba wa simu wa USB 2, na inafanya kazi, ila kwa kasi ya USB 2, ambayo kwa vitendo ni kama MB 40 kwa sekunde. Nyaya nyingi za USB-C zinazokuja na chaja za simu nazo kwa upande wa data ni USB 2 tu. Hakuna maandishi juu yake, hakuna onyo. Unaambiwa diski yako ni ya zamani.

Najua kuna atakayekuja kusema "hamia NVMe, haina waya", yaani ile SSD inayochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la M.2 la madabodi. Nimesikia. Tundu la M.2 kwenye madabodi yangu ni moja na lina Windows, magemu yanakaa SATA kama yanavyokaa kwa watu wengi.

Nimewarudia walioiunganisha mashine, nikiwa na waya mkononi na picha za C7 za kabla na baada. Jibu lao: nyaya hazimo kwenye dhamana. Waya waliuchagua wao, wakaukunja wao, wakaufunga wao, lakini haumo. SSD na RAM walizoniuzia kwa utambuzi usio sahihi hawarudishi, kwa sababu "zinafanya kazi". Ndiyo, zinafanya kazi. Hata ile diski waliyosema imechoka inafanya kazi, iko ndani ya mashine hiihii kwa waya mpya, na C7 yake haijasogea.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, wakuu. Aliyewahi kufanikiwa kudai fedha zake kwa sababu ya utambuzi mbovu kama huu aniambie alitumia hoja gani na alidai kwa nani. Na yeyote ambaye gemu lake linakwama sasa hivi, weka hapa chini C7, 05, C5, kasi ya SATA inayoonekana, na kama waya wako una kibanio. Nitazisoma zote mimi mwenyewe.