Mrejesho: Kumuuguza mama mwenye kisukari na kiharusi

Wakuu, salaam. Niliwaomba ushauri kuhusu mama: ana kisukari, kiharusi kimempooza upande wa kulia, ndugu wanatuma "pole" za kwenye simu, nami nimefikia hatua ya kumfokea kisha nakwenda kulia jikoni.

Mliosisitiza nipime presha yangu mwenyewe, asanteni sana. Ilisoma 160 kwa 100. Nimeanzishiwa dawa, na daktari kaniuliza nalala saa ngapi. Nilicheka tu. Unalalaje wakati mgonjwa anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo?

Kikao cha familia hakikuzaa kitu, maneno matupu. Kilichosaidia ni kaka mkubwa kuja kulala kwetu wikiendi. Akamgeuza mama usiku, akabadilisha shuka, akamlisha uji kijiko kwa kijiko huku kamkalisha wima asipaliwe. Asubuhi macho mekundu, hana la kusema. Sasa hivi michango inakuja kila mwezi, tumepata dada wa kusaidia mchana, na wifi (ambaye sikumtegemea kabisa) anashika zamu Jumamosi.

Ule ushauri wa kumpeleka kijijini nimeuacha. Insulini inataka ubaridi, na kule umeme haujafika.

Juzi mama kasukuma bakuli, "umenichoka." Nikamjibu, "Nimechoka ndiyo mama, lakini kula." Akala.

Anayemjua mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayefuata wagonjwa majumbani huku Mbagala, kwa bei ya kawaida, anielekeze.