Wote wanataka usafiri safi, ila nikifika swali la nne nyuso zinabadilika. Nakosea wapi?

BintiDodoso aliandika:

Habari za jioni wakuu. Kuna jambo linaninyima usingizi, naomba wenye uzoefu wanisaidie.

Wiki ya tatu sasa nasimama kwenye vituo vya mabasi na steshoni za treni kukusanya maoni ya abiria. Siku nyingine nafika kabla ya mapambazuko. Mpango wenyewe ni wa kanda nzima: mabasi ya umeme kati ya mji na mji, treni ziongezwe, na sehemu ya fedha itoke kwenye tozo ya mafuta pamoja na tozo ya kuingiza gari katikati ya jiji. Shabaha ni kupunguza hewa ukaa. Dodoso sikulitunga mimi, nilikabidhiwa likiwa tayari limechapwa.

Swali la kwanza linauliza: "Je, unaunga mkono usafiri safi zaidi katika kanda yetu?" Hapo karibu kila mtu anasema ndiyo, wengine hata sijamaliza kusoma. Swali la nne linauliza: "Je, uko tayari kulipa zaidi kwenye mafuta ili kugharamia mpango huu?" Hapo mtu ananirudishia kalamu. Ni watu walewale, na hazijapita hata dakika tatu.

Walionituma wameshaniambia namna matokeo yatakavyoandikwa: wananchi wanapenda wazo, ila hawako tayari kuchangia. Mimi nimesimama na watu hawa, na sikubali kwamba hicho ndicho walichoniambia.

Nitawapa mfano mmoja. Kuna mama muuguzi, anamaliza zamu saa nne usiku. Basi la mwisho la kwenda kwao linaondoka saa tatu na nusu. Akanitazama akasema, "Mwanangu, asubuhi basi lenu nalipenda sana. Sasa usiku nani ananirudisha?" Halafu akaweka alama kwenye hapana. Karatasi haina nafasi ya kuandika sababu. Niliandika pembeni kwa mkono wangu, kumbe karatasi zinasomwa na mashine, na mashine haisomi pembeni. Maneno yake yamepotea hivyo hivyo, imebaki alama.

Nauliza hivi. Maoni ya watu kuhusu jambo kama hili yanapimwaje kwa haki? Kuna mahali watu waliikataa tozo kisha wakaja kuikubali? Awamu ya pili inaanza baada ya wiki mbili, na nimeruhusiwa kuongeza maswali mawili tu. Mngekuwa mimi, mngeuliza nini?

---

MpangaRatiba alijibu:

Dada, pole na kusimama. Nimepanga ratiba za mabasi kwa miaka mingi, na hicho unachokiona kituoni kiliwahi kuonekana Stockholm, Uswidi. Tofauti ni kwamba wao walijaribu kwanza, ndipo wakauliza.

Tozo ya magari yanayoingia jijini ilipotangazwa, wengi waliipinga. Lakini Agosti 2005, miezi kadhaa kabla ya mtu yeyote kulipa senti, waliingiza barabarani karibu mabasi mapya 200 na kufungua njia mpya. Tozo ikaanza Januari 2006 kama majaribio, ikasimamishwa mwisho wa Julai. Magari yaliyokuwa yakivuka mpaka wa tozo yalipungua kwa takriban moja ya tano. Septemba wakapiga kura ya maoni, na wakazi wa jiji wakasema ndiyo kwa tofauti ndogo. Mwaka 2007 tozo ikarudi, safari hii ya kudumu, na kadiri miaka ilivyopita walioikubali wakaongezeka.

Sasa kuna kipande ambacho wasimuliaji hukiruka, nacho ndicho kinachokuhusu wewe unayeshughulika na kanda. Manispaa kadhaa zinazolizunguka jiji zilipiga kura zao zenyewe, na nyingi kati ya hizo zikasema hapana. Wa jijini alikuwa ameona foleni imepungua chini ya dirisha lake. Wa pembezoni alichokiona zaidi ni bili.

Manchester, Uingereza, walianza upande wa pili. Desemba 2008 watu waliulizwa kuhusu tozo kama hiyo kabla hawajaonja chochote. Waliahidiwa uwekezaji wa mabilioni ya pauni kwenye tramu, treni na mabasi, na karibu asilimia 79 wakakataa. Wilaya zote kumi.

Kwa hiyo swali lako la nne linamuuliza yule mama bei ya basi ambalo hajawahi kulipanda, na kwa saa anayolihitaji halipo kabisa. Jibu lake ni la mtu mwenye akili timamu.

---

DerevaMasafa alijibu:

Salaam kwenu. Mimi niko upande wa usukani. Mwaka wa kumi na nne huu naendesha basi la dizeli kati ya miji miwili, na ningependa wanaoandika ripoti wasikie hesabu ya mle ndani.

Basi langu linakunywa kama lita 30 kwa kilomita 100. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, basi kilomita 100 ni kama kilo 80. Gari dogo la petroli linalokunywa lita 7 linatoa kama kilo 16 kwa umbali huohuo. Gawanya mwenyewe. Nikibeba watu watano ambao kila mmoja angeendesha gari lake, tumetoka sare. Faida inaanza kwa abiria wa sita. Safari yangu ya saa nane mchana mara nyingi nina watatu. Ya saa kumi na mbili asubuhi wanasimama mpaka mlangoni.

Mtu anaweza kusema basi tuondoe safari zenye watu wachache. Ndivyo ilivyofanyika kwenye njia yangu. Safari ya mwisho ya usiku ilikuwa na abiria wawili watatu, ikaonekana hasara, ikafutwa. Miezi michache baadaye nikaanza kuwapoteza abiria wa asubuhi, watu ninaowajua kwa sura, kiti gani wanapenda. Mmoja nilikutana naye kwenye kituo cha mafuta, nikamuuliza mbona kimya. Akasema siku nyingine kazi inachelewa kuisha, na hawezi kuanza asubuhi bila uhakika wa kurudi, kwa hiyo sasa anatoka na gari kila siku. Kila siku, hata zile siku anazowahi kutoka! Ripoti ikaandika kwamba mahitaji ya asubuhi yameshuka.

Wale wawili watatu wa usiku walikuwa wamewashikilia wa asubuhi, ila kwenye tiketi za usiku hawaonekani.

Kuhusu umeme: ni jambo jema na linawezekana. Shenzhen, Uchina, walibadilisha mabasi yao ya mjini yote kufikia mwisho wa 2017, zaidi ya 16,000. Kwenye masafa yetu marefu kuna mengine ya kupanga. Baridi kali inapunguza umbali wa betri, na dakika za kuchaji kwenye kituo cha mwisho lazima ziingizwe kwenye ratiba, la sivyo abiria ndiye atakayezilipa kwa kusubiri. Mnapouliza watu wanataka basi la umeme au la dizeli, kumbukeni kuuliza kwanza wanalitaka saa ngapi.

---

FundiBomba alijibu:

Mimi ni mmoja wa hao walioandika hapana, kwa hiyo acheni niseme mwenyewe.

Naishi kilomita arobaini kutoka zilipo kazi zangu. Nyuma ya gari nina mabomba, mashine ya kukatia na ngazi. Hakuna basi litakalonibeba na vitu hivyo, na sioni kosa la mtu hapo. Ila kila nikisikia "tozo ya mafuta" naelewa kwamba mimi, ambaye sina njia nyingine, nitalipa, na mwenye treni mlangoni atasifiwa kwa kupenda mazingira.

Ufaransa, Novemba 2018, watu walivaa vizibao vya njano wakaziba barabara kwa sababu ya kodi ya mafuta. Wengi walitoka vijijini na kwenye miji midogo ambako gari ndilo linalokupeleka kazini. Desemba serikali ikarudi nyuma. Marekani nako, majimbo ya Massachusetts, Connecticut na Rhode Island pamoja na jiji la Washington walitia saini makubaliano Desemba 2020. Hewa ukaa ya petroli na dizeli iwekewe kikomo, wauzaji wa jumla wanunue vibali, fedha ziende kwenye usafiri safi. Novemba 2021 Connecticut na Massachusetts zikajitoa, na mpango wote ukaishia hapo. Hofu kubwa ilikuwa bei ya mafuta kwenye pampu.

Sichukii hewa safi. Nina watoto. Nachukia kuulizwa kama niko tayari "kuchangia" wakati hakuna aliyenionyesha kitakachopita mbele ya nyumba yangu.

---

BintiDodoso aliandika:

Kaka FundiBomba, asante kwa kusema wazi, na samahani kama dodoso letu limekuweka kwenye kundi la wasiojali. Naomba nikuulize kama ningekuwa mbele yako na karatasi yangu, ila bila karatasi: kuna safari hata moja nyumbani kwenu ambayo si lazima iwe ya gari?

---

FundiBomba alijibu:

Swali zuri, na sijawahi kuulizwa.

Gari langu la kazi litabaki. Lakini tuna gari la pili. Mke wangu analitumia kwenda kazini, na jioni linakwenda kumchukua kijana wetu chuoni, mji wa jirani. Njia yake ni moja, saa zake ni zilezile, siku tano kwa wiki. Kukiwa na basi la uhakika asubuhi na la kurudi mpaka saa tatu usiku, lile gari naliuza. Bima yake, matairi yake na mafuta yake vyote naviokoa. Hapo hata tozo kwenye mafuta ya gari langu la kazi ningeweza kuizungumzia, maana hesabu ya nyumba ingekuwa imeshuka.

Nimemsomea mke wangu haya. Anasema niandike saa tatu na nusu, kwa sababu Alhamisi kijana ana darasa la maabara.

---

MpangaRatiba alijibu:

Hapo FundiBomba ametupa kitu ambacho dodoso lisingekipata hata kwa mwaka. Mnaona anaomba nini? Uhakika wa saa. Hakutaja mwendo kasi wala viti vizuri.

Waswisi walijenga mfumo mzima juu ya ombi la namna hiyo. Desemba 1987 walipiga kura kuhusu mradi wa reli ulioitwa Bahn 2000, asilimia 57 wakaukubali. Kiini chake kilikuwa ratiba inayojirudia dakika zilezile kila saa, na treni zinazokutana kwenye steshoni kubwa ili mtu ashuke hii apande ile, na basi la kijijini likiwa linamsubiri nje. Reli mpya zilijengwa pale tu ambapo dakika zilihitajika ili treni ziwahi kukutana. Awamu ya kwanza ya mradi, pamoja na ratiba hiyo, ilianza kazi Desemba 2004, miaka kumi na saba baada ya kura. Waliopiga kura walikuwa na picha ya saa ukutani, wakijua safari ya kijijini kwao imo ndani yake.

Na bei peke yake haitoshi. Ujerumani iliuza tiketi ya mwezi kwa euro 9 kuanzia Juni hadi Agosti 2022, zikanunuliwa takriban milioni 52. Watu waliipenda mno. Lakini kwenye vijiji ambako basi hupita mara mbili kwa siku, tiketi rahisi ilikuwa haina cha kupanda.

---

BintiDodoso aliandika:

Wakuu, nimekaa na majibu yenu tangu jana. Maswali yangu mawili ni haya:

"Mara ya mwisho ulipokwenda mji mwingine ndani ya kanda, ulirudi saa ngapi, na kwa chombo gani?"

"Katika nyumba yenu, ni safari gani moja mngeacha kutumia gari, kama basi au treni ingekuwepo kwa uhakika kwenda na kurudi?"

Neno kaboni halimo. Nimelitoa kwa makusudi, ingawa ndilo lililonifanya niipende kazi hii. Hewa ukaa nitaihesabu mwenyewe kutoka kwenye majibu, kwa ile hesabu ya DerevaMasafa. Na nimeomba chini ya kila swali kuwe na mistari mitatu mitupu, isomwe na mtu badala ya mashine. Wamekubali miwili.

---

DerevaMasafa alijibu:

Kwenye la pili ongeza "siku zipi". Umemsikia mke wa FundiBomba na Alhamisi yake. Ratiba nyingi zinaharibika kwa sababu ya siku moja ambayo hakuna aliyeiuliza.

---

BintiDodoso aliandika:

Nimeongeza. Awamu ya pili naanzia kwenye kituo cha yule mama muuguzi, saa nne kasoro robo usiku, basi likiwa limeshaondoka.