Naomba ushauri: nguo na viatu vilivyochakaa kabisa nivifanyeje?
Habari zenu wakuu. Nina mafurushi ya nguo na viatu vya familia ambavyo hatuvivai tena, nataka kuvigawa. Vilivyo vizima havinipi shida: nimevifua na kuvianika vikakauka kabisa, maana nguo moja yenye unyevu huotesha ukungu furushi zima, na viatu nimevifunga jozi kwa jozi visipotezane.

Kinachonisumbua ni vilivyokwisha: fulana zilizotoboka, soksi zilizobaki mojamoja, raba zilizobanduka soli. Kumpa mtu kitu ambacho mimi mwenyewe siwezi kukivaa naona ni kumvunjia heshima. Kuchoma sitaki kabisa. Poliesta ni plastiki, na moshi wake una sumu.

Pamba tupu najua hukatwa matambara ya gereji, au husagwa ikawa ya kujazia magodoro. Lakini nguo za pamba iliyochanganywa na poliesta, ambazo nyuzi zake ni vigumu kuzitenganisha, ninyi mnazipeleka wapi? Na raba je, yenye mpira, sponji, kitambaa na gundi vyote pamoja? Wanaokusanya nguo na viatu vilivyotumika hupokea hata vilivyochanika, au nivitenge kwanza na vilivyo vizima? Zipu na vifungo niving'oe? Mwenye uzoefu anielekeze tafadhali.