Mfumo wa kupokea samaki uliosanifiwa na mtu asiyewahi kukanyaga mwaloni

Wakuu, mimi ni karani wa mizani katika mwalo mmoja, yaani mahali mitumbwi inaposhusha samaki, hapa Mwanza, na nina hasira. Tangu tuletewe mfumo wa kompyuta, kila alfajiri matajiri wa mitumbwi hupanga foleni huku barafu ikiyeyuka, kwa sababu swali wanaloniuliza siku zote, yaani mtumbwi wangu umeleta kilo ngapi, na nikishakatwa deni la petroli na nyavu nabaki na shilingi ngapi, ndilo ambalo msanifu wa kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za mfumo, hakulifikiria. Ili kulijibu, mfumo huunganisha majedwali saba na kuyapekua mstari kwa mstari, kwani faharasa pekee, yaani orodha ya kutafutia haraka, imewekwa kwenye namba ya stakabadhi, ambayo sijaona mtu akiitafuta.

Kwenye dagaa ni kichekesho. Safu ya uzito inadai kilo, ilhali sisi tunanunua kwa ndoo, basi naandika makadirio na yanaitwa takwimu. Siku za giza, dagaa wanapojaa, mfumo huganda. Mbalamwezi ikirudi na wavuvi wakipumzika, unakwenda kasi ya ajabu.

Lililonishinda ni bei. Msanifu aliweka bei ya sangara katika jedwali moja, na kila stakabadhi huisoma humo inapofunguliwa. Kwa hiyo tukibadilisha bei Jumatatu, stakabadhi za Ijumaa nazo zinabadilika. Wiki iliyopita mzee mmoja anayeheshimika alinifungulia kaunta buku yake mbele ya watu na kuniita mwizi. Hesabu yake ilikuwa sahihi.

Asije mtu kunisomea kanuni. Najua kwamba kuondoa marudio, yaani kutoandika jambo moja mahali pawili, jambo alilolianzisha Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, huzuia kumbukumbu kupingana. Lakini bei ya leo na bei aliyolipwa mtu Ijumaa ni mambo mawili, si jambo moja lililorudiwa, na kijana yule msanifu angelijua hilo kama angekaa nami mizanini asubuhi moja tu. Nilipomweleza, alijibu kwamba majedwali yake yamepangwa kitaalamu.

Sasa bosi anataka malipo ya miezi mitatu yahakikiwe. Bei za zamani zimeandikwa juu yake bei mpya, na kumbukumbu zilizobaki ni kaunta buku za watu wale wale niliokuwa nikiwaambia kwamba kompyuta haikosei. Kesho naanza kuwaomba, mmoja baada ya mwingine, nikianza na yule mzee.